Tuisheni Haimtibu Mtoto

Nimeitwa mzungu. Nimeitwa kibarazani kwetu Malindi, kikombe cha kahawa mkononi, na watu wanaonijua tangu nikivaa kaptula. Sababu? Nilisema kuna watoto ambao wangejifunza zaidi wakikaa nyumbani saa moja tu na mama, baba au kaka anayejua anachofanya, kuliko kusukumwa kutwa nzima kutoka skuli kwenda tuisheni, kutoka tuisheni kwenda chuoni, kutoka chuoni kurudi tuisheni. Basi ikawa vurugu. Mmoja akasema hayo ni mambo ya Wazungu wanaokuja kuishi huku na kuwasomesha watoto wao kwenye kompyuta huku wakiangalia bahari. Mwingine, mzee ninayemheshimu sana, akaniuliza: "Unataka kuturudisha kabla ya sitini na nne?"

Swali la mzee lina uzito wake, nitalijibu huko mbele. La uzungu nalijibu hapa hapa.

Jamani, mji huu umefundishana majumbani kabla hatujajua dawati ni kitu gani. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki mwaka 1925, alikuwa akitoa darsa zake pale Ukutani, katikati ya nyumba za watu, na waliokaa mbele yake wakawa masheikh wa mwambao mzima. Na kuna kisa cha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba watoto wa kasri walifundishwa kusoma, lakini mtoto wa kike hakutakiwa kujua kuandika. Yeye akafanya nini? Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao zamani hizo ndio ulikuwa kibao cha kuandikia. Akajua. (Na kalamu hiyo ikamtia matatani mwaka 1859, alipoandika barua za njama za kaka yake Barghash. Lakini hiyo ni habari nyengine.)

Kwa hiyo mtu akikwambia kufundisha nyumbani ni uzungu, mwambie aende Mtoni akayatazame yale magofu vizuri.

Sasa tuje kwenye hasa lililonifanya nifungue mdomo. Kuna kijana mtaani kwetu, ana miaka kumi na moja. Simtaji, wala skuli yake siitaji. Kijana huyu ukimkuta dikoni asubuhi atakwambia boti ya nani imeingia, imeleta nini, na fungu la dagaa leo litauzwa kiasi gani ikifika saa nne. Akitumwa dukani na noti ya elfu kumi anajua chenji kabla mwenye duka hajafungua droo. Ukimsimulia hadithi leo, wiki ijayo atakusimulia yeye, na atakukumbusha pale uliporuka. Lakini mpe kitabu cha darasa la pili, uone. Jasho linamtoka. "Baba" anaisoma "dada". Neno refu analisoma mwanzo, katikati anabuni, mwisho anameza. Mwalimu wake amekata shauri kwamba mtoto ni mzito. Nyumbani wamekata shauri kwamba ni mvivu. Amechapwa. Amepelekwa tuisheni ya kwanza, amepelekwa ya pili. Amenyweshwa kombe. Dua ni dua, sina ugomvi nayo, na mama anayemwombea mwanawe simcheki. Ugomvi wangu ni na ile tuisheni ya tatu wanayomtafutia sasa hivi.

Hivi, tujiulize. Kama mtoto ameshindwa kusoma katika darasa la watoto sitini, ubaoni, kwa kunakili na kuitikia kwa pamoja, utampeleka jioni kwenye banda la watoto arubaini, ubaoni, kwa kunakili na kuitikia kwa pamoja, ili iweje? Ni dawa ile ile iliyokataa, unaongeza kijiko.

Kijana yule hakuna aliyempima, na mimi si daktari. Lakini ninayoyaona kwake yanafanana na kitu kinachoitwa disleksia, na kitu hiki kinajulikana duniani kwa zaidi ya miaka mia. Daktari wa macho wa Stuttgart, Rudolf Berlin, alilitumia jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1887. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, Pringle Morgan, akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za mvulana wa miaka kumi na minne aitwaye Percy. Kijana hodari, mcheshi, anayependa hesabu, lakini jina lake mwenyewe anaandika "Precy". Akiiona tarakimu 7 anaitamka. Akiliona neno lenyewe limeandikwa kwa herufi, halijui. Mwalimu wake aliyemfundisha miaka kadhaa akasema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, huyu ndiye angekuwa hodari kuliko wote skulini.

Kaa na kauli hiyo kidogo. Kama masomo yote yangekuwa ya mdomo! Sasa niambie, ni mji gani duniani umefundisha kwa mdomo kuliko huu wetu? Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alibeba mashairi kichwani mpaka Bombay akayaimba kwenye sahani za santuri mwaka 1928. Bi Kidude, tuliyemzika mwaka 2013, alizipata nyimbo kwa kusikiliza. Sisemi walikuwa na disleksia. Nasema mji ulikuwa na njia zaidi ya moja ya kumwingizia mtu elimu kichwani. Fundi wa milango hakupewa kitabu cha kunakshi. Alikaa miaka na bwana wake, akashika patasi, akaharibu mbao, akajua. Leo tumezifunga njia zote tukabakisha tundu moja: jicho, karatasi, mtihani. Asiyepita hapo tunamwita mzito.

Disleksia ni nini basi? Si ugonjwa wa macho. Si upungufu wa akili. Si jini. Ni ubongo unaopata taabu kuunganisha herufi na sauti yake, na mara nyingi hali hiyo hutembea katika ukoo. Haiishi kwa bakora wala haiondoki kwa umri, lakini mtoto akifundishwa kwa njia inayomfaa anasoma. Watafiti hawakubaliani juu ya idadi, ila wengi hutaja kati ya asilimia 5 na 10 ya watu. Chukua darasa la watoto sitini. Hao ni watatu mpaka sita. Kila darasa. Kila mkondo. Kila skuli kutoka Malindi mpaka Makunduchi. Na wewe unayesoma hapa una shahada yako ukutani, hebu mkumbuke mwenzako wa darasa la tatu aliyekuwa akikaa nyuma, hodari wa kila kitu isipokuwa kusoma kwa sauti. Yuko wapi?

Mtoto wa mjini hapa ana kazi ambayo Percy hakuwa nayo. Chuoni anasoma kutoka kulia kwenda kushoto, na nukta moja juu au chini inageuza herufi kuwa nyengine. Skuli anasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na hapo "b" na "d" ni kitu kimoja kilichogeuziwa uso. Halafu kuna Kiingereza. Mtoto mwenye kichwa cha kawaida anayabeba yote haya akiwa na miaka minane, na sisi tunaona ni jambo dogo. Si dogo. Wa disleksia anabeba mzigo huo huo mgongoni huku tukimchapa kwa kuchelewa.

Na hapa kwenye Kiingereza lazima niseme, hata kama nitawaudhi marafiki zangu walioanza kuzaa. Mwaka 2001 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Paulesu na wenzake juu ya watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Ubongoni, tatizo lilikuwa lile lile kwa wote. Lakini Waitaliano walisoma vizuri zaidi kuliko wenzao. Kwa nini? Kwa sababu Kiitaliano kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Miaka miwili baadaye Seymour na wenzake wakalinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya waliomaliza mwaka wa kwanza wa skuli. Watoto wa Finland walisoma sawasawa maneno 98 kati ya 100. Watoto wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza, 34. Hao hawana disleksia, ni watoto tu, na Kiingereza ni chao wenyewe!

Kiswahili kiko upande wa Waitaliano na Wafini. Ba ni ba, leo na kesho, Unguja na Pemba. Mtoto wa disleksia aliyezaliwa kwenye Kiswahili amepewa bahati ambayo mtoto wa London hana. Sisi tunaifanya nini bahati hiyo? Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Na wazazi wenye pesa hawangoji hata la tano. Mtoto wa miaka mitatu anapelekwa nasari ya Kiingereza ili bibi yake asikie akihesabu kwa lugha ya malkia. Mtoto akikwama, wanaambiwa aongezewe tuisheni. Ya Kiingereza!

Anzeni na Kiswahili, nyie. Mtoto akijua kwamba herufi ni sauti, na sauti zinaungana zikawa neno, amekishika kichwa cha uzi. Kiingereza atakivuta baadaye. Asiyekishika, hata ukimpeleka Oxford atakuwa anabuni tu.

Najua swali lako. "Sawa, nimekuelewa, lakini nyumbani nifanye nini? Mimi si mwalimu." Vizuri. Nitakwambia niliyoyasoma, na niliyoyaona kwa mama mmoja wa Malindi anayeuza urojo jioni na hana cheti chochote.

Anaanza na masikio, siyo kitabu. Anapomenya viazi, mwanawe anamtajia vitu vinavyoanza kwa sauti "mmm". Mama, maji, muhogo, mbatata. Kisha wanakata maneno kwa kupiga makofi: mba-ta-ta, makofi matatu. Mtoto anayesikia kwamba neno lina vipande ndiye atakayeona baadaye kwamba maandishi nayo yana vipande. Hakuna karatasi hapo, hakuna kalamu, na viazi vinamenywa.

Kisha herufi. Moja. Siyo "b" na "d" siku moja, hapana! Wiki nzima ni "b" peke yake. Mtoto anaichora kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga, kubwa, huku akiitamka. Anaiandika hewani kwa mkono mzima. Anaifinyanga kwa unga. "B" ikishakaa, ndipo "d" inapiga hodi. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walijenga njia kamili juu ya jambo hili: jicho, sikio, mdomo na mkono vifanye kazi pamoja, hatua ndogo ndogo, hakuna kuruka. Hadi leo njia nyingi za kuwafundisha watoto wa disleksia zimetokana na hiyo. Na mimi nikiisoma nakumbuka kile kibao cha chuoni cha zamani, mtoto akiandika kwa kalamu ya mwanzi, akisoma kwa sauti, kisha akikiosha na kuanza tena. Usinielewe vibaya, siipambi chuo ya zamani. Bakora ilikuwepo na wapo walioichukia maisha yao yote. Nasema mkono na sauti vilikuwepo, sisi tukavitupa tukabakiza bakora.

Maneno marefu ndiyo adui mkubwa kwenye Kiswahili. Mzungu anahangaika na maneno mafupi yasiyosomeka kama yalivyoandikwa. Sisi tunahangaika na treni. "Hawakutuambia." Kwa mtoto wa disleksia hilo ni gari moshi lenye mabehewa saba. Basi mfunike kwa kidole, afungue behewa moja moja: ha-wa-ku-tu-a-mbi-a. Akishamaliza, asome tena kwa pamoja. Kisha muulize, hapa nani hawakutuambia? Kipande gani kinakuonyesha kwamba ni wao? Kipande gani kinakataa? Ndani ya neno moja umeshamfundisha sarufi ambayo kwenye tuisheni wanaikariri bila kujua ni mnyama gani.

Vitabu vya kusomea havitoshi? Mama yule anatumia kanga. Fikiria: herufi kubwa, sentensi moja, fupi, na maana yake ina utani au fumbo. Kila nyumba ya Unguja ina maktaba ya kanga kabatini. Mtoto anasoma jina la kanga, kisha wanabishana nani anasemwa. Mtoto huyo huyo aliyekuwa akitokwa na jasho mbele ya kitabu cha darasa la pili, anavuta kanga nyengine mwenyewe.

Hesabu nayo usiihangaikie. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na anayecheza vizuri anahesabu mbele mizunguko kadhaa kwa kichwa. Wazee wa kibarazani wanaoniita mzungu ndio walimu wa hesabu bora katika mtaa huu, ila hawajui. Dikoni kuna mafungu, kuna kugawa, kuna faida na hasara. Bandarini kuna ratiba za boti za Pemba na Dar. Muulize mtoto boti ikiondoka saa hii na ikitumia muda huu itafika saa ngapi.

Kisha msomee. Kila siku msomee wewe, vitabu vikubwa kuliko uwezo wake wa kusoma, kwa sababu akili yake haiko darasa la pili, macho yake tu ndiyo yaliyobaki huko. Na yeye akusimulie, umrekodi kwenye simu, uandike sentensi zake mbili tatu kama alivyozisema, kisha asome maneno yake mwenyewe. Hakuna kitabu kitamu kwa mtoto kama kile alichokitunga yeye.

Onyo moja. Mtoto wa disleksia ni mjanja wa kuficha. Atahifadhi ukurasa mzima kwa kusikia wenzake, kisha akukaririe huku akipitisha kidole, nawe utasherehekea. Chagua neno moja katikati ya ukurasa, funika mengine, muulize. Utajua.

Na usizidishe dakika ishirini kwa mara moja. Akichoka, acheni, nendeni pwani.

Haya, nirudi kwa mzee wangu na mwaka 1964. Tarehe 23 Septemba mwaka ule, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo skuli ilikuwa na ngazi zake, na ngazi hizo zilikuwa za kabila na mfuko wa baba yako. Mzee wangu ni mtoto wa tangazo lile. Akisikia mtu anasema "nyumbani", anasikia binti aliyefungiwa ndani, anasikia mtoto wa shamba aliyeachwa akachume karafuu. Ana haki ya kushtuka. Nami ningeshtuka.

Lakini mzee wangu, tangazo lile liliahidi elimu, halikuahidi dawati. Na aliyeturudisha kabla ya 1964 si mimi. Ni tuisheni! Asubuhi mtoto anafundishwa bure nusu ya somo, jioni analipia nusu iliyobaki, na mara nyengine anayefundisha ni yule yule. Mwenye pesa anaipata nusu ya pili, asiye nayo anabaki na ya kwanza. Hayo si malipo ya elimu yaliyorudi kupitia mlango wa uani? Na anayelipa zaidi kuliko wote ni mzazi wa mtoto wa disleksia, kwa sababu mwanawe hafaulu, na kila asipofaulu anaambiwa aongeze.

Mwengine atasema mama maskini hana muda. Ana muda wa kuuza urojo ili alipe tuisheni, sivyo? Dakika ishirini za viazi na mchanga ni nafuu kuliko hiyo. Skuli nyingi za mjini kwa miaka mingi zimesomesha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana, na Serikali imekuwa ikijenga skuli za ghorofa ili mikondo iishe. Sawa. Lakini pale mkondo ulipo, nusu ya siku ni ya nyumbani. Tunaichukua nusu hiyo tunamkabidhi mtu wa tuisheni.

Wala wazo la kufundisha nje ya darasa si geni kwa Wizara. Miaka ya 2000 watoto wa vijiji visivyo na skuli za maandalizi walifundishwa kwa redio, kwa nyimbo na michezo, katika kipindi cha Tucheze Tujifunze, chini ya miti na kwenye vibaraza. Skuli za maandalizi za Madrasa, zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na kufika Zanzibar mwaka 1990, ziliwafundisha akina mama wa kawaida kutengeneza vifaa kwa vifuu, kombe za pwani na vizibo vya soda. Na Machi 2020, korona ilipofunga skuli zote, nani aliambiwa awasomeshe watoto? Mzazi. Wakati ule hakuna aliyeniita mzungu.

Sasa sheria. Sikwambii umtoe mtoto skuli kesho asubuhi. Elimu ya msingi ni lazima. Bara wana Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, sisi tuna yetu ya mwaka 1982, kwa kuwa elimu ya msingi si jambo la Muungano. Jirani zetu wa Kenya wameshafika mbali: mwaka 2019 baba mmoja wa magharibi ya nchi ile alikamatwa kwa kutopeleka watoto skuli, akasema anawafundisha mwenyewe nyumbani, na mabishano yakaenda mahakamani. Sitaki tufike huko. Ninachotaka ni sheria inayojua tofauti kati ya baba anayemzuia mtoto ili akauze maembe Darajani, na mama anayetaka siku tatu kwa wiki amfundishe mwanawe kusoma kwa njia ambayo skuli haina. Wa kwanza ashitakiwe. Wa pili aandikishwe, apewe mwalimu wa kumtembelea, mtoto apimwe kila muhula, na akishajua kusoma arudi darasani kwa wiki nzima. Wizara ina kitengo chake cha elimu mjumuisho. Kazi si ndiyo hiyo?

"Na kucheza na wenzake je?" Mtoto wa Malindi! Ukimkosa uwanjani yuko baharini. Hilo swali waulizwe wa Ulaya.

"Na cheti?" Cheti nakitaka, tena sana. Nchi hii bila cheti hata ulinzi hupewi. Ndiyo maana nawageukia na watu wa mitihani. Mtoto asiyeona anapewa karatasi ya nukta nundu, na hakuna anayesema anapendelewa. Tunaelewa kwamba mtihani wa sayansi unapima sayansi, haupimi macho. Basi mtoto wa disleksia asomewe maswali ya sayansi, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, aongezewe muda. Kusoma kupimwe kwenye mtihani wa kusoma. Gharama yake ni mwalimu mmoja wa kumsomea, viti viwili, na chumba kisicho na kelele.